Mbuzi Wawili wa Orpa

Sehemu ya Sita

Mbuzi alilia ndani ya nyumba.

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Mmenitukana, mmeniomba, mmoja wenu alitaka kunitumia vocha nimwambie mwisho kwa siri. Sikukubali, ingawa nilifikiria.

Basi turudi palepale. Ni Jumamosi, saa tatu ya asubuhi, hapa Butembo. Malachie amesimama mlangoni mwa chumba anachopanga kwa Mama Berthe. Mbele yake yuko Adèle, mchunguzi wa projet, gilet ya bluu kifuani na tablette mkononi. Amekuja kuuliza pesa ya msaada wa wakimbizi imetumika namna gani. Malachie amekwisha kumjibu kwamba alinunua unga, maharagi, mafuta na sabuni, na ameyasema bila kupepesa jicho.

Halafu mbuzi akaharibu mambo.

"Papa Keren," Adèle alisema polepole, akimwita Malachie kwa jina la binti yake, "ile ni sauti ya nini?"

Mtu mwingine angekohoa. Mwingine angesingizia jirani. Malachie alisimama tu, mikono inaning'inia.

"Ni mbuzi."

"Mbuzi moja?"

"Mbili."

Msidhani huo ni ujasiri. Tangu mke wake Orpa azikwe kule Beni, wiki tatu zilizopita, Malachie hahisi kitu. Hajalia hata siku moja. Akipewa bugali anakula, akikosa hasemi. Uongo wa unga na maharagi alifundishwa na Mama Berthe, na ulipovunjika hakuona sababu ya kuuokota.

Adèle alisukuma mlango.

Mbuzi mmoja, mweusi, alikuwa amefungwa kwenye mguu wa kitanda. Wa pili, mwenye mabaka, alikuwa amepanda juu ya kitanda chenyewe na anatafuna kona ya godoro kwa utulivu kama mgeni aliyekaribishwa.

"Ee Mungu wangu! Munalala na mbuzi?"

"Hapana. Ni leo tu. Niliingiza ndani juu nilisikia unakuja."

"Nani alikuambia nakuja?"

Nje, Mama Berthe, mwenye nyumba, alikuwa anafagia sehemu ileile kwa mara ya tatu. Ufagio ukaongeza kasi.

Adèle alivuta bidon tupu, akaikalia.

"Papa Keren, unajua mambo ya projet. Dollars mia moja na makumi ine ilikuwa ya chakula, dawa, nyumba, masomo ya batoto. Awamu ya pili ni Ijumaa. Mutu mwenye alicheza na ile ya kwanza, wanamufuta kwa liste. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Keren anakula nini?"

"Lengalenga. Na bugali, kama iko."

"Lengalenga!" Sauti ya Adèle ilipanda. "Pesa ya chakula unanunua mbuzi, mutoto anakula majani? Kweli, papa? Na weye mwenyewe unaona ni sawa?"

"Sijue."

"Hujue nini?"

"Sijue kama ni sawa."

Hapa nisimame kidogo. Msomaji mmoja wa Beni, anayetia saini yake kwa jina la Timothée, ameniandikia kwamba wakimbizi wakipewa pesa mkononi wanazitapanya ovyo, na kwamba dawa yao ni kupewa mfuko wa unga na kufungwa mdomo. Ndugu Timothée, barua yako imenikasirisha, na nimeisoma mara mbili ili nikasirike vizuri. Kaa hapo. Hadithi hii ni yako leo.

Malachie alimwoa Orpa miaka kumi na moja iliyopita, upande wa Kamango, wakati alipokuwa bado na shamba la kakao na kichwa kilichojaa mipango. Wazee walikubaliana mahari ya mbuzi kumi na wawili. Malachie alitoa kumi, mmoja leo, wawili mwaka ujao, kama watu wengi wanavyofanya. Wawili wakabaki. Kisha vita ikafika, wakakimbia na sufuria moja, kakao ikabaki imeiva mitini. Walikaa Beni, wakapanda mpaka Butembo, na wale mbuzi wawili hawakutajwa tena na mtu.

Walitajwa kaburini.

Mzee Mathe, baba yake Orpa, alisimama mbele ya waombolezaji wote na kusema kwamba anakubali binti yake azikwe, ila mali yake, yaani mahari, haijaisha. Mbuzi wawili wafike kabla ya mwezi kwisha. Wasipofika, Keren, mtoto pekee wa marehemu, atahamia Beni na kulelewa kwa jina la ukoo wa mama yake. Hiyo ndiyo desturi aliyoikuta na hakuona haya kuisema. Keren ana miaka tisa, na miaka tisa mingine si mingi. Vagheni, kaka yake Orpa, alikwisha kupiga hesabu ya mbuzi ambao msichana huyo ataleta siku ya kuolewa.

Malachie alikuwa amebaki na mtu mmoja duniani, na mtu huyo alikuwa rehani ya mbuzi wawili.

Adèle ni mtoto wa hapa. Alimwangalia mbuzi mweusi, akamwangalia yule wa mabaka, na hasira ikamtoka usoni.

"Ni za ukwe, za mali ya kuoa?"

"Ni za Orpa. Za kumaliza."

"Juu ya mutoto?"

"Juu ya mutoto."

Adèle aligusa tablette. Chakula. Matibabu. Nyumba. Masomo. Biashara ndogo. Alipanda na kushuka na kidole, kana kwamba kuna neno lililojificha chini.

"Hakuna fasi ya kuandika ukwe," alisema. "Nikiandika ile, unafutwa leo. Bon. Sikiliza. Tuandike biashara ndogo. Élevage. Mutu ananunua mbuzi mbili ya kuzalisha, inaruhusiwa kabisa. Mais superviseur atakuja Ijumaa kupiga picha. Donc mbuzi zibakie hapa mpaka Ijumaa. Ni siku sita tu."

"Haiwezekani."

"Juu ya nini?"

"Zinaenda leo."

"Zinaenda wapi?"

Pikipiki mbili ziliunguruma nje na kuzimika. Mama Berthe aliacha kufagia.

"Bakwe wangu," Malachie alisema. "Wamefika."

Mzee Mathe alishuka kwanza, mgongo umekakamaa kwa safari, koti jeusi limegeuka jekundu kwa vumbi la barabara ya Beni. Alikuwa amepakiwa na taximan. Vagheni alikuwa kwenye pikipiki yake mwenyewe, kizibao cha ngozi, miwani ya jua, simu mbili mfukoni. Ananunua kakao Beni na kuiuza mbele, na tangu aanze biashara hiyo anaangalia kila kitu kana kwamba anakipima uzito.

"Mwavukire," Mathe alisalimu.

Walisalimiana. Malachie alitoa mbuzi nje, akashika kamba zote mbili kwa heshima, mikono miwili mbele.

"Tata," alimwambia mkwewe, "ni hizi. Nilizinunua kwa soko Jumamosi ilipita."

Vagheni alifungua mdomo wa mbuzi mweusi, akatazama meno. Alibonyeza mbavu za yule wa mabaka.

"Shemeki, hizi zimekonda."

"Ile ingine imekula godoro asubuhi hii," Mama Berthe alidakia kutoka ukutani. "Haina njaa."

Mathe hakucheka. Alitazama mbuzi kwa muda mrefu, kisha akapokea kamba.

"Ni mbuzi," alisema. "Nimezipokea. Mali ya Orpa imeisha. Mukwe, mutoto ni wako."

Mwandishi mwenye moyo mzuri angemaliza hapa. Malachie angelia, mzee angemkumbatia, nasi tungeenda kunywa chai. Lakini Malachie hakulia. Alisema "Wasingya, tata," shukrani ya kawaida, kama mtu aliyerudishiwa chenji dukani. Na Adèle, binti mwema, aliyetaka kusaidia, akasaidia.

"Mzee, weye ndiye baba ya Orpa?"

"Ni mimi."

"Pole sana. Mungu amekuleta kwa saa nzuri. Tunataka kubadilisha jina kwa liste, lakini tunahitaji shahidi wa familia. Weka kidole hapa, kwamba bénéficiaire amefariki. Ile awamu ya pili itatoka sasa kwa jina ya Papa Keren."

Mathe alinyoosha kidole chake. Vagheni alimshika mkono.

"Bénéficiaire wa nini?"

"Wa projet. Pesa ya wakimbizi."

"Ilitoka kwa jina ya nani?"

"Ya Orpa. Tunaandikaka bamama. Ilifika kwa simu yake, wiki moja mbele ya kufariki."

Vagheni alivua miwani yake. Aliwaangalia mbuzi, akamwangalia Malachie, akawaangalia mbuzi tena.

"Shemeki. Hizi mbuzi ulinunua na mbongo gani?"

Malachie alimwangalia mbuzi mweusi.

"Nakuuliza! Weye hauna kazi. Hauna shamba. Mbongo gani?"

"Ile," Malachie alisema.

"Ile gani?"

"Ile ya projet."

Vagheni alipiga makofi mara moja, kavu.

"Tata, umesikia? Umesikia na masikio yako? Hakutoa kitu huyu! Dada yangu amejioa mwenyewe! Amekufa, na ametulipa!"

Kamba zilimponyoka mzee Mathe. Mbuzi mweusi alikwenda kunusa ndoo ya Mama Berthe, na hakuna aliyemfukuza.

Adèle aliweka mkono mdomoni. Alikuwa ameona alichofanya.

"Mzee, pole, mais pesa ya projet ni ya nyumba yote," alisema haraka. "Jina ni jina tu. Bwana, bibi, mutoto, ni yao wote."

"Binti," Mathe alimjibu bila ukali, "kwa karatasi yako, labda. Hapa hatuko kwa karatasi yako."

Akamgeukia Malachie. Msifikiri alipiga kelele. Mathe ni mtu aliyezika watoto wanne, na wa nne ni Orpa; sauti yake imebaki ndogo.

"Mukwe, nitakuuliza neno moja, ujibu kisha nitaenda. Nani alisema mbuzi zinunuliwe?"

"Tata..."

"Ngoja nimalize. Kama ni Orpa alikutuma, basi ni mbuzi zake. Mwanamuke hapana kujitolea mali yake mwenyewe, hiyo sijapata kuisikia hata kwa babu zangu. Weye utakuwa hujatoa kitu, na Keren anapanda moto hii ya taximan na sisi leo. Lakini kama ni weye uliamua, ukachukua zile franga juu ya kichwa yako bila kumusikiliza, basi ni mbuzi zako. Ni zako kwa ubaya, mais ni zako. Mali imeisha, na siwezi kurudi kwa neno langu."

Msiniulize mimi kuhusu sheria hiyo. Imenikera mimi pia. Lakini mzee aliamini kila neno, na Keren alikuwa ndani ya maneno hayo.

"Papa Keren, chunga," Adèle alinong'ona. "Orpa alikuwa mgonjwa. Ukisema ulichukua pesa ya mgonjwa, niko na lazima ya kuandika. Wanakufuta, na watakuita kwa bureau."

Sasa niwaambie ukweli, maana Malachie hatausema.

Orpa alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari alisema apasuliwe, akataja bei, na bei hiyo ilikuwa mara tatu ya pesa ya projet. Siku pesa ilipoingia kwenye simu, Malachie alitaka wapande pikipiki wakati uleule, wafike hospitalini na hicho kidogo, waombe, wapige magoti. Walibishana siku tatu. Ndiyo, walibishana, wakati huo Malachie bado alikuwa na sauti.

"Hizi franga hazifike kwa operation," Orpa alimwambia, amelala upande, magoti yamekunjwa. "Kwa mbuzi zinafika."

"Sitanunua mbuzi na weye unakufa!"

"Basi utanunua nikishakufa. Malachie, carte ya projet ni jina yangu. Ni mimi nasema. Nakujua, na nawajua bakwetu. Watakupokonya mutoto."

Keren hakuwepo. Siku hizo tatu alikuwa amepelekwa kulala kwa Mama Berthe, ng'ambo ya uwanja, asisikie mama yake akilia kwa maumivu. Hakuna mtu mwingine aliyesikia neno. Orpa alikufa njiani kuelekea Beni, kwa baba yake, kwa sababu alitaka kumwona. Baada ya mazishi Malachie alirudi Butembo na simu ya mkewe, akaenda sokoni, akafanya alivyoambiwa.

Unaona, ndugu Timothée? Hiyo ndiyo pesa iliyotapanywa.

Tuendelee.

Malachie alimtazama mkwewe. Angeweza kusema kweli kwa maneno mawili, na kwa maneno hayo mawili Keren angeondoka. Uso wake ulikuwa mtupu kama ukuta uliotolewa picha.

"Ni mimi," alisema.

"Ni weye nini?"

"Ni mimi niliamua. Orpa hakunituma."

"Yeye alitaka nini na zile franga?"

"Alitaka hospitali."

Mama Berthe alishika ukuta.

"Alikuomba?" Sauti ya Mathe ilikuwa ndogo zaidi. "Mutoto wangu alikuomba hospitali?"

"Aliniomba."

"Na weye?"

"Nilikatala. Nilificha simu."

Vagheni aliruka. Ngumi ya kwanza ilimpata Malachie shavuni, ya pili ikapita hewani, kwa sababu mzee alikuwa amemshika mwanawe kiunoni kwa mikono yote miwili.

"Wacha!"

"Tata, alimuua! Alimuua kwa mbuzi!"

"Nimesema wacha! Nimetoa neno langu."

Malachie hakujikinga. Damu ilimtoka puani, akaifuta kwa mkono na kuutazama mkono huo kama wa mtu mwingine.

Mzee Mathe aliinama, akaokota kamba. "Mbuzi ni zako, nimezipokea," alisema. "Mutoto ni wako. Ila weye, usikuje tena kwangu. Hata siku ya kunizika."

"Ndiyo, tata."

Adèle alikuwa amefungua tablette kuandika, maana kazi ni kazi na alikuwa ameahidi kuandika. Alitaka ukurasa wa mwisho, kidole kikateleza, faili la Orpa likafunguka mwanzoni kabisa, siku ya kuandikishwa, majibu yaliyochukuliwa na mchunguzi mwingine.

Swali: mnakusudia kutumia msaada kwa nini?

Jibu la bénéficiaire: mbuzi mbili, kumaliza mali yangu, ili mutoto abaki na baba yake. Kwa hospitali pesa haitafika. Bwana yangu atakatala lakini nitamushinda.

Chini yake palikuwa na alama ya kidole gumba.

Adèle alisoma mara moja, akasoma tena. Aliinua macho, akakutana na macho ya Malachie. Malachie alijua. Hakujua kilichoandikwa, lakini alijua uso wa mtu aliyeona kweli.

Akatikisa kichwa, kidogo tu. Hapana.

Adèle alifumba mdomo wake.

Na hapo, wapendwa, kila kitu kingekuwa kimepona. Mzee amepata mbuzi, baba amepata mtoto, uongo umefanya kazi yake. Lakini tulimsahau mtu mmoja. Mimi nilimsahau, na ninyi mlimsahau.

"Papa."

Keren alikuwa amesimama nyuma ya Mama Berthe na bidon ya maji, anatoka bombani. Hakuna aliyejua alisimama pale tangu lini. Maji yalikuwa yanamwagika polepole kwenye mguu wake, naye hakuusogeza.

"Papa, ni kweli?"

Malachie hakugeuka mara moja.

"Mama aliomba hospitali? Na ulikatala?"

Uwanja wote ulimtazama Malachie. Mathe alikuwa ameshika kamba. Vagheni alikuwa anapumua kwa nguvu, anangoja neno moja tu, kosa moja tu. Akisema hapana, mtoto anakwenda.

"Kweli," Malachie alisema.

Keren aliweka bidon chini. Alifanya vizuri, akahakikisha imekaa sawa, kama mama yake alivyomfundisha. Aliingia ndani. Hawakusikia kilio. Walisikia sanduku linafunguliwa na kufungwa. Alipotoka alikuwa na mfuko wake wa shule mgongoni na kitenge cha Orpa kimekunjwa kifuani.

Alimpita baba yake bila kumtazama.

"Sokulu," alimwambia babu yake, "twende."

Vagheni alitabasamu. Mzee hakutabasamu. Alimwangalia mjukuu wake, akaangalia mbuzi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alionekana hajui la kufanya. Desturi aliyoishika tangu kaburini ilikuwa imemgeuka mkononi.

"Mukwe," alisema, na neno lilimtoka kwa shida. "Sasa ni wako. Siwezi kumubeba bila neno lako. Sema."

Hapo Malachie alihisi kitu.

Kiliuma kuliko ngumi ya Vagheni. Wiki tatu hakuwa amehisi njaa, wala baridi, wala Orpa, na sasa vyote vilimjia pamoja, amesimama mbele za watu na damu puani. Alitaka kusema baki. Alitaka kupiga magoti mbele ya msichana wa miaka tisa.

Alimtazama Keren. Keren alitazama pikipiki.

"Avae pull," Malachie alisema. "Kwa njia kuna baridi."

Mama Berthe ndiye aliyeingia kuileta. Ndiye aliyemvisha pia, kwa sababu Keren alikataa baba yake asimame karibu. Mbuzi walifungwa nyuma ya Vagheni, miguu juu, wanalalamika. Keren alipanda kwa taximan, katikati, na babu yake nyuma. Pikipiki ziliwaka, zikapanda njia ya udongo, zikakata kona kuelekea barabara ya Beni.

Adèle alikuwa bado ameshika tablette kifuani kwa mikono miwili.

"Papa Keren, hii ni sauti ya Orpa," alisema. "Imeandikwa hapa. Yote. Kidole chake kiko."

"Futa."

"Haifutikake."

"Basi funga."

"Mutoto anaenda anajua ulimuua mama yake!"

"Madame, ukimusomea ile, mzee atajua ni mbuzi za Orpa. Watamubeba kabisa. Sitamuona tena."

"Na nisipomusomea? Atakuchukia kabisa. Utakuwa na haki juu yake, na hatakuangalia hata kwa macho. Ni ile unataka?"

Malachie aliitazama kona walikopotelea.

"Niko na haki ya kumwita arudi," alisema. "Ile tu ndiyo Orpa aliniachia."

Adèle akafanya jambo ambalo hakuna projet iliyomtuma kulifanya. Alivua gilet ya bluu, akaitupa juu ya bidon, akakimbia na tablette mpaka njiani, akainua mkono. Taximan wa kwanza alisimama.

"Fwata zile moto mbili, moja imebeba mbuzi," alisema, amekwisha kupanda. "Barabara ya Beni."

Malachie, ambaye hakuwa amepaza sauti tangu mazishi, alikimbia nyuma yake bila viatu.

"Adèle! Hapana! Adèle!"

Taximan aligeuza kichwa.

"Mama, kuna mutu anakuita. Nisimame?"

"Ongeza mwendo," Adèle alisema.